Alama iangalie wapi? Kwa dada wa Malaba na mdogo wake wa Senior Two

Ameniandikia dada mmoja wa Malaba, mji wa mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda, ana kibanda cha mobile money: "Mwalimu shikamoo. Mdogo wangu yuko Senior Two, ukimpa 3x + 5 > 20 anaimaliza kabla sijakaa, ila ukimpa ile ya maneno anaganda, mara alama aielekeze huku mara kule, naona anabahatisha tu. Na ile ya kugeuza alama ukigawanya kwa hasi wameambiwa washike hivyo hivyo. Mimi mwenyewe zamani niliachia hapo hapo. Nimsaidieje?"

Marahaba dada yangu, na pole na kazi, najua jioni ndiyo foleni inakuwa ndefu hapo kibandani na bado unapata muda wa kukaa na mdogo wako, hiyo peke yake ni kubwa.

Nianzie hapa: mdogo wako hesabu anaijua. Mtoto anayetoa 5 pande zote mbili, akagawanya kwa 3, akapata x > 5 bila kushikwa mkono, huyo huwezi kusema hajui. Anakwama kabla kalamu haijagusa karatasi, pale kwenye kusoma, na hata kusoma kwenyewe ni neno moja au mawili tu ndiyo yanamwangusha: angalau, isizidi, isipungue, zaidi ya, hadi. Nimesahihisha madaftari mengi ya hizi hesabu za kutolingana, zile za alama > (kubwa kuliko) na < (ndogo kuliko), na ≥ na ≤ ambazo mstari wa chini unaongeza "au sawa", na kosa ninalokutana nalo kila wiki ni lile lile, mtoto ametatua vizuri kabisa kitu ambacho swali halikuuliza.

Chukua hilo neno angalau. Nyumbani analisikia vipi? "Angalau umekuja", "angalau leo nimepata elfu mbili", ni neno la mtu aliyeridhika na kidogo, kwa hiyo mtoto akiliona kwenye hesabu mkono wake unaandika alama ya ndogo. Lakini ukimwambia msaidizi wako wa kibandani "hakikisha unafunga ukiwa na angalau shilingi 300,000" unamaanisha nini? 300,000 sawa, 450,000 sawa, milioni ndiyo sawa zaidi, ila 299,000 hapana. Hiyo ni ≥ 300,000, na msaidizi wako anaelewa bila kufundishwa aljebra. Mdogo wako naye anaelewa, hajaambiwa tu kwamba ule uelewa wake wa kibandani ndio anaotakiwa kuja nao kwenye daftari.

Wengi wetu tunamsaidia mtoto kwa kumpa orodha akariri, ukiona neno hili andika alama hii. Hiyo njia mimi siipendi. Inafanya kazi mpaka siku mtunga swali abadilishe neno, na atabadilisha. Ninachowafanyisha wanafunzi wangu ni namba tatu. Soma swali, tafuta ile namba iliyo mpakani, na wewe uko Malaba mpaka unaujua, halafu jaribu namba moja upande huu wa mpaka, ya pili mpakani penyewe, ya tatu upande wa pili. Kwa kila moja rudi kwenye hadithi uulize: hii inakubalika?

Tuseme taksi, na kama kuna anayesoma hapa yuko Nairobi au Dar, taksi yetu ndiyo matatu yenu ndiyo daladala, ile gari nyeupe yenye ukanda wa miraba ya bluu ubavuni, inaruhusiwa abiria 14. Swali linasema abiria wasizidi 14. Abiria 13 wanakubalika? Ndiyo. 14? Ndiyo. 15? Hapo trafiki atasimamisha gari. Basi zinazokubalika ni 14 na kushuka, na idadi ya abiria tukiiita p, ni p ≤ 14. Mtoto akiniandikia p < 14 namwambia konda wako ameacha kiti kimoja kitupu kutoka Tororo mpaka Kampala, unadhani atakubali? Na hapo anaona mwenyewe mstari wa chini ya alama unafanya kazi gani.

Sasa litazame neno lenyewe "wasizidi", maana Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko watu wanavyodhani. Ndani yake kuna "zidi", na mtoto akiona zidi anakimbilia >, hajaiona ile "si" ndogo imekaa mbele yake. Zidi peke yake ni > kweli. Ukiweka si umeikataa, umesema isiwe kubwa kuliko, na ukishakataa kubwa kuliko kinachobaki ni ndogo AU sawa, ndiyo ≤. Ule mstari wa chini umezaliwa na ile "si". Vivyo hivyo pungua ni <, isipungue ni ≥. Mwandikie neno kwenye karatasi, apigie duara "si", aandike kwanza alama ya kitenzi bila si, halafu aikatae. Ukimwona anafanya hivyo mara kumi hivi utaona mkono umeacha kukimbia.

Ila msije mkasema kila penye "si" pana mstari, hapana, kuna mtego. Chukua "fika". Ukisema joto la mtoto likifika 38 mpeleke kwa daktari, 38 yenyewe imo, na 39 imo, kwa hiyo kufika ni ≥. Sasa likataze: "joto lisifike 38". 38 yenyewe haitakiwi, tunabaki na j < 38, mstari umepotea. Kwa hiyo ukikataa alama isiyo na mstari unapata yenye mstari, na ukikataa yenye mstari unapata isiyo nao. "Vuka" na "pita" zinatembea na "zidi", haijavuka 14 ni sawa na haijazidi 14. Na "hadi" na "mpaka", kwa kawaida namba yenyewe imo, tukisema watoto hadi miaka 5 hawalipi basi wa miaka 5 halipi, lakini hata hapo jaribu tu zile namba tatu usitegemee neno.

Najua mtihani wenyewe unaletwa kwa Kiingereza. Sawa. Mkikaa jioni asome swali kwa Kiingereza halafu akusimulie wewe kwa Kiswahili, kama anavyomsimulia mtu aliyekuja kuweka pesa, asikutajie x hata mara moja. Akishindwa kusimulia bado hajaelewa na usimruhusu aandike chochote. Hii inachukua dakika mbili na mimi naona ndiyo dakika mbili za maana kuliko zote.

Mwambie pia, kama anapenda historia, alama > na < zilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1631 kwenye kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, na mwenyewe alishafariki miaka 10 kabla, 1621. Za mstari chini zilichelewa zaidi ya miaka mia, aliyeanza kuzitumia ni Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734, yeye alichora mistari miwili sisi siku hizi tunachora mmoja. Kwa hiyo hili swali la "na hapo hapo mpakani je?" lina uzito wake, watu walilitafutia alama yake peke yake.

Na ukitaka mifano ambayo hapo hapo panaamua mambo makubwa fungua Katiba yetu ya 1995, mimi naitumia darasani sana. Kupiga kura ni kuanzia miaka 18, u ≥ 18, aliyetimiza 18 leo anapiga. Mgombea urais anatakiwa apate zaidi ya asilimia 50 ya kura halali, hiyo ni k > 50 bila mstari, akipata 50 kamili hajashinda, wanarudi raundi ya pili. Lakini kubadilisha Katiba bungeni kunahitaji wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wote, tuseme bunge lina watu 450, theluthi mbili ni 300, basi 300 wanatosha na 299 hawatoshi. Ona, moja inakataa mpaka na nyingine inaupokea, na ni Katiba ile ile. Zamani ilikuwa na kipengele cha umri wa mgombea urais, usipungue 35 na usizidi 75, kiliondolewa 2017, ila kwa hesabu bado ni mfano mzuri wa kuandika alama mbili kwa pamoja: 35 ≤ u ≤ 75, umri umebanwa katikati kama mtu wa kiti cha nyuma.

Kuna neno jingine nataka nilikalie kidogo kwa sababu linawasumbua hata watu wazima: "zaidi". Sikiliza hizi mbili.

Akello ana elfu tano zaidi ya Musa.
Akello ana zaidi ya elfu tano.

Maneno karibu yale yale, hesabu mbali kabisa. Ya kwanza ni mlinganyo, a = m + 5,000, hakuna kutolingana hapo, tunajua kabisa tofauti yao ni ngapi. Ya pili ni a > 5,000, na Musa hayumo. Nilivyowafundisha wangu kuisikia ni hivi, namba ikitangulia kabla ya "zaidi" hiyo namba ni tofauti, unajumlisha, na namba ikifuata baada ya "zaidi ya" hiyo ni mpaka, unaandika alama. Halafu kuna ile inayochanganya zote, "Akello amemzidi Musa kwa zaidi ya elfu tano", hapo unaandika tofauti na mpaka kwa pamoja, a − m > 5,000. Upande wa kupungua tazama ile "kwa", bei imepungua KWA 2,000 ni kutoa, bei imeshuka CHINI YA 2,000 ni alama. Mwambie atunge sentensi zake mwenyewe kwa majina ya watu wa nyumbani, mbili mbili kama hizi, ni zoezi zuri kuliko kumpa maswali ishirini ya kitabu.

Haya tuingie kwenye swali zima. Kijana wa boda hapo steji, kila safari kwa wastani anapata 3,000. Kwa siku mafuta ni 12,000 na mwenye pikipiki anachukua 10,000. Anataka arudi nyumbani na angalau 30,000. Apige safari ngapi?

Kwanza herufi. Wengi wanaandika "b = boda", na hapo wameshapotea, boda siyo namba. Herufi ni ya kitu unachoweza kuhesabu: s = idadi ya safari. Aandike hivyo kwa maneno kamili kila mara, asiruke hata kama anaona inachosha.

Pili, kabla ya s atumie namba ya kubahatisha. Tuseme safari 10. 10 mara 3,000 ni 30,000, toa 12,000 ya mafuta na 10,000 ya mwenye mali, anabaki na 8,000. Imefika 30,000? Bado. Sasa amejua njia nzima ya hesabu inavyotembea, ile 10 aifute aweke s:

3,000s − 22,000 ≥ 30,000

Hicho kitendo cha kufuta 10 na kuweka s ndicho kinachowafungua watoto wangu wengi. Anayeganda mbele ya x haogopi 10. Mpe 10 kwanza.

Kutatua hapo anakuweza: 3,000s ≥ 52,000, s ≥ 17.33 na kuendelea. Na hapa wanaangukia kwa mara ya pili, kwa sababu shuleni wamezoea kwamba 17.33 inakaribia 17, anaandika 17 anafunga daftari. Rudi kwenye hadithi dada, safari 17 ni 51,000, toa 22,000 inabaki 29,000, kijana amekosa elfu moja yake. Safari 18 zinampa 32,000. Jibu ni safari zisizopungua 18. Kukaribisha namba kwenda juu au chini hakuamuliwi na desimali, kunaamuliwa na hadithi, na njia ya kujua ni kuingiza namba zote mbili za jirani uone ipi inakubalika.

Mtu wa boda mwenyewe akisoma hapa atasema mwalimu, mafuta hayakai 12,000, yanaongezeka kadiri unavyotembea. Ni kweli kabisa na ningependa mdogo wako naye aulize hivyo. Basi tuweke mafuta ndani ya kila safari, tuseme 600, kila safari inamwachia 2,400, halafu mwenye pikipiki 10,000 zake ziko pale pale: 2,400s − 10,000 ≥ 30,000, inakuja 2,400s ≥ 40,000, s ≥ 16.67 hivi, safari 17. Jaribu: 17 zinaacha 30,800, 16 zinaacha 28,400. Jibu limebadilika kwa sababu hadithi imebadilika, na aliyeandika hesabu yake kutoka kwenye hadithi atajua ni wapi pa kugusa.

Sasa ile ya hasi, na hii tuifanye kibandani kwako. Asubuhi una floti, yaani pesa iliyo kwenye simu yako ya kazi, 1,500,000. Kila mteja anayekuja kuweka, tuseme wote wanaweka 80,000, floti yako inashuka 80,000 na keshi inapanda. Hutaki floti ipungue chini ya 300,000 kabla hujaenda benki. Utahudumia wateja wangapi wa kuweka?

w = idadi ya wateja wanaoweka.

1,500,000 − 80,000w ≥ 300,000
−80,000w ≥ −1,200,000

Hapo sasa. Akigawanya kwa −80,000 bila kugeuza alama atapata w ≥ 15, yaani wateja 15 na kuendelea, 20, 100, wote sawa, na wewe unajua kabisa kwamba mteja wa 20 floti imeshakwisha zamani. Hadithi inamkatalia kabla hata ya mwalimu. Jibu ni w ≤ 15, na ukijaribu, 15 inakuacha na 300,000 kamili ambayo inaruhusiwa, 16 inakuacha na 220,000.

Kwa nini inageuka? Mimi nilipokuwa Senior Two nami niliambiwa nishike tu, na kwa muda mrefu nikawa nageuza kila nilipoona alama ya kutoa mahali popote, ndiyo maana hili sitaki mtoto yeyote alishike bila sababu yake. Fikiria madeni. Wewe una deni la 3,000 dukani, jirani ana deni la 5,000. 3 ni ndogo kuliko 5, lakini mwenye hali nzuri ni nani? Ni wewe, −3 ni kubwa kuliko −5. Kadiri deni linavyokua ndivyo mtu anavyozidi kushuka. Chora mstari wa namba, sifuri katikati, 3 na 5 kulia, −3 na −5 kushoto. Kuzidisha au kugawanya kwa hasi ni kuivusha kila namba ng'ambo ya sifuri, iliyokuwa mbali upande wa kulia inakuwa mbali upande wa kushoto, na aliyekuwa mbele anakuwa nyuma. Namba zimegeuzana nafasi, alama inageuka kufuata ukweli.

Kujumlisha na kutoa hakufanyi hivyo. Ukiwaongezea watu wawili elfu moja kila mmoja, aliyekuwa na nyingi bado ana nyingi, ukiwatoa wote elfu moja ni vile vile, wametembea pamoja tu. Kwa hiyo x + 7 > 3 inatoa x > −4, hasi imetokea kwenye jibu lakini alama haijaguswa. Na 4x > −12 inatoa x > −3, hasi ipo lakini aliyegawanya ni 4, chanya, alama inakaa. Inageuka pale tu ile namba UNAYOZIDISHIA au UNAYOGAWANYIA ni hasi. Mpe hizo mbili pamoja na −4x > 12, ambayo ndiyo inatoa x < −3, azifanye zikiwa zimefuatana aone tofauti kwa macho.

Na kama bado anaogopa kuna njia ambayo haina kugeuza kabisa. Mbebe yule mwenye hasi umpeleke upande wa pili:

1,500,000 ≥ 300,000 + 80,000w
1,200,000 ≥ 80,000w
15 ≥ w

15 ni kubwa au sawa na w, yaani w ni 15 au chini, jibu lile lile. Tena isome kwa sauti hiyo mistari: pesa ninayoanza nayo inatosha ile ninayotaka ibaki pamoja na ile itakayoondoka. Kwangu mimi hii ni nzuri zaidi kwa mtoto wa Senior Two kwa sababu kila mstari una maana ya kibandani, lakini ajue zote mbili, siku nyingine swali litamlazimisha.

Nikupe na moja ya kutoa pesa maana hii utaitumia wewe kesho. Mteja ana 200,000 kwenye simu anataka kutoa zote. Unajua kuna kodi ya asilimia 0.5 kwenye kutoa, ipo tangu 2018, na kuna ada ya kampuni, tuseme hapa ni 3,000. Kiasi kikubwa anachoweza kutoa ni kipi? Weka x = kiasi anachotoa mkononi. Vyote vitatu, anachotoa na kodi yake na ada, visizidi 200,000:

x + 0.005x + 3,000 ≤ 200,000
1.005x ≤ 197,000
x ≤ 196,019.90 hivi

Hapa tunashuka, hatupandi. Tukienda mia mia hiyo ni 196,000. Hakikisha: kodi ya 196,000 ni 980, jumlisha ada 3,000, jumla 199,980, imepita kwenye tundu. Jaribu 196,500, kodi 982.50, jumla inafika 200,482.50, simu inakataa. Wale wateja wanaosimama dirishani wakijaribu kiasi hiki kikakataa wakajaribu kile kikakataa, wanatatua hesabu hii hii kwa kubahatisha. Mwache mdogo wako akae pembeni yako Jumamosi moja awatatulie.

Senior Four watamletea zenye herufi mbili, mfano shule inasafirisha wanafunzi 300 kwa mabasi ya watu 60 na taksi za watu 14, 60m + 14t ≥ 300, na m na t zote zisiwe chini ya sifuri maana hakuna basi la hasi, kitu ambacho swali halitaji lakini lazima akiandike. Hapo wanachora grafu, mstari mzima kama mpaka umo, wa vipande vipande kama haumo, na hapa Uganda mazoea ni kupaka upande USIOTAKIWA ili unaotakiwa ubaki mweupe. Kujua upande upi achukue nukta (0, 0) aiingize, sifuri ni kubwa au sawa na 300? Siyo, basi upande wenye (0, 0) ndio unapakwa. Ni zile namba tatu tu zimevaa nguo nyingine, akizizoea sasa hiyo haitamtisha.

Kwa leo jioni mpe hii. Mama wa rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, anauza moja 2,500. Mayai, unga na mafuta kwa kila moja vinamgharimu 1,600. Mkaa na ushuru wa siku ni 7,000. Anataka faida isipungue 20,000, auze ngapi? Asimulie kwanza, achague herufi kwa maneno, ajaribu na rolex 10 aone kwamba mama amebaki na 2,000 tu, ndipo aandike. Atapata 900r − 7,000 ≥ 20,000, r ≥ 30, na 30 zenyewe zinampa 20,000 kamili. Halafu mfutie neno moja tu, mahali pa "isipungue" andika "izidi", usimwambie kitu. Akikuletea 31 na akaweza kukwambia ile 30 imekataliwa kwa nini, nenda naye kwenye sura inayofuata. Akileta 30 tena rudini kwenye taksi ya watu 14.